Oili Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Juni
Wameingia tena! Watoto wa mtaa mzima, wamejipenyeza penye tundu la ua na kujazana kwenye gari langu bovu, lile ninalolifufua tangu enzi mke wangu bado ananisifia. Kioo cha pembeni kimevunjika. Kinara wao ni binti wa jirani yangu mshonaji, Mama Cherehani. Wenzake wanamwita Kondakta, kwa sababu hakai ndani. Hupanda juu ya paa na kuita abiria. Nimekwenda kumlalamikia mama yake. Hakuinua hata macho. Alisema niuondoe huo mkweche, mtoto akiona usukani nilitaka afanye nini, aupigie saluti? Nimerudi nimefura.

Jumanne, 4 Juni
Dawa yao imepatikana. Oili chafu! Nimepaka paa zima na boneti. Hiyo ndiyo akili ya kifundi: oili haitoki kwenye nguo. Watarudi makwao weusi tii, mama zao watawawakia, na mchezo utaishia hapo. Nina hamu ya kumwona Mama Cherehani na ndoo yake ya kufulia. Mke wangu aliuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia mambo ya kazi.

Jumatano, 5 Juni
Kondakta ameanguka. Nilikuwa ndani nakunywa chai, nikingoja kelele za mama. Nikasikia za mtoto. Utelezi sikuufikiria! Fundi mzima, mikono imezeekea kwenye oili, nikawaza madoa tu. Mkono umevunjika juu ya kiwiko. Nilimbeba mbio mpaka barabarani, naye ananing'ang'ania shingo. Mama yake alinishukuru. Sikuthubutu kumtajia oili. Najuta, najuta kweli.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwendea shemeji, karani wa wakili. Nikamwuliza kwa ajili ya rafiki yangu fulani. Uwanja wake, gari lake, mtoto kaingia bila hodi, kaumia. Mwenye kosa si mtoto? Shemeji akasema mtoto si mwizi. Kama huyo rafiki alijua watoto wanaingia, na ana kitu kinachowavuta, alipaswa kuwakinga. Na kama aliweka kitu cha kuwadhuru bila wao kujua, basi amekwisha. Kisha akauliza huyo rafiki yangu ndiye aliyenichafua kola kwa oili? Akaniambia nikamwombe mama wa mtoto msamaha, leo hii. Nikasema nitamfikishia rafiki.

Ijumaa, 7 Juni
Sikwenda. Nimetengeneza bango: HATARI, WATOTO MSIINGIE. Rangi nyekundu. Nikalipaka matope na kulikwaruza msumari lionekane la mwaka jana. Mama Cherehani akaja kuchukua kiatu cha mwanawe kilichobaki uani. Kachoka, hajalala, akaegemea bango. Rangi ikabaki kiganjani mwake. Akatazama kiganja, akanitazama mimi, akachukua kiatu, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu amenisukuma mpaka mlangoni kwa Mama Cherehani, nikamjulie hali mgonjwa. Kondakta amefungwa plasta hadi begani, kakaa juu ya marobota ya vitambaa. Akaniomba radhi. Yeye! Eti alipanda gari la watu bila ruhusa. Akauliza kama paa limebonyea. Hapo machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Nikamwaga yote, oili, bango, rafiki yangu wa uongo. Cherehani ikasimama. Mama yake akasema oili aliijua tangu alipofua gauni ambalo mwanawe alianguka nalo. Alikuwa ananingoja tu niseme mwenyewe. Mahakamani hataki kwenda, kwa kuwa tutaendelea kuonana kila asubuhi. Anataka jambo moja: mtoto wake asiumie tena uani kwangu. Likitokea mara ya pili, tutaonana kwa hakimu. Nimemwapia mbele ya mtoto.

Jumatano, 12 Juni
Gari limekwenda. Mnunuzi wa vyuma chakavu amelivuta kwa mnyororo, nami nikageukia ukuta nisilione. Nimefanya kwa ajili ya mtoto. Limebaki lile shimo nililochimba chini yake, la kusimama nikifungua giaboksi. Linanifika kifuani. Baya sana machoni, na Mama Cherehani akiliona tutaanza upya! Kulifukia ni kazi ya siku nzima, na mgongo wangu naujua mwenyewe. Nimetandika maboksi juu yake, nikamwaga mchanga laini, nikaupiga reki vizuri. Hata mimi nimesahau lilipo. Uwanja umependeza. Nimemwalika Kondakta na abiria wake wote, kesho wakitoka shule, waje wauchezee huo mchanga. Mama yake ameshukuru sana. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, roho yangu imetulia.