Meno ya Mla Pumzi

Jumatatu, 6 Juni 1994

"Katuni za kutisha hazimtishi hata kuku." Maneno ya Mihayo, mwenye banda la video hapa Kirumba. Ameyasema leo asubuhi mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai. Uongo! Uongo wa mtu ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko ganda la kaseti.

Nikamjibu palepale. Kwenye video zake maiti hupiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, na watazamaji wanatafuna karanga. Katika "Mla Pumzi", toleo la tatu, mwaka 1973, kuna mlango ulio wazi kidogo na unyayo wenye maji sakafuni. Basi. Hakuna mtu. Hakuna damu. Siku ile nililala na taa ikiwaka, na nilikuwa tayari na ndevu.

Mihayo akasema, "Ngosha, wewe ulisahau tu kuizima." Watu wakacheka. Watu hucheka wakikosa hoja.

Tumewekeana dau. Jumamosi natundika kurasa zangu bandani kwake. Mtu mmoja tu akipiga yowe la hofu, banda ni langu kila Jumamosi mchana kwa maonyesho ya katuni. Asipopatikana, sanduku langu lote la katuni, miaka ishirini ya kukusanya, linakuwa lake. Anataka kubandika kurasa ukutani kuzuia vumbi. Vumbi!

Sijamwambia mke wangu.

Jumanne, 7 Juni

Mke wangu Odeta anajua. Ni fundi cherehani. Habari zote za mtaa hupitia barazani kwake kwanza. Akaniuliza, Baba Kija, hivi una akili? Nyumba ilipovuja mwaka juzi nililifunika sanduku lile kabla ya kitanda. Leo naliweka dau kwa ajili ya yowe!

Kisha akauangalia ukurasa wa mwisho wa toleo la saba. Ile sura kubwa ya Mla Pumzi: mdomo wazi, macho yametoka, mishipa ya shingo imesimama. Akasema inamkumbusha mtu. Nikamweleza kwamba inamkumbusha kila mtu, ndiyo kazi ya sanaa kubwa. Ni sura ya mkoloni na ulafi wake. Akasema hapana, ni mtu wa karibu zaidi. Odeta ni mshonaji hodari, lakini picha hazijui.

Kwa haki nitaje kasoro moja. Meno. Mzimu unaovuta pumzi za watu hauhitaji meno marefu vile. Zamani, kila toleo lilipotoka, nilikwenda kwenye dirisha la kiwanda cha uchapaji nikamweleza mtu wa mashine ukweli huo, kwa sauti ya kutosha. Hawakurekebisha.

Lakini mistari! Ziwa zima usiku kwa mikwaruzo michache ya brashi. Rangi nyekundu ilichapwa pembeni kidogo ya mahali pake, damu ikaelea hewani kando ya kidonda. Kosa la mashine, watasema wajinga. Mimi nasema ilitisha kuliko damu iliyokaa sawa. Mchoraji hakuandika jina. Alichora furu, kasamaki ka ziwa letu, kwenye kona. Furu wenyewe siku hizi huwaoni, sangara amewamaliza. Na sangara wa katuni ni video. (Hili liende gazetini!)

Alhamisi, 9 Juni

Ushindi! Nimevuka na feri kwenda Kamanga kumwona shemeji mgonjwa. Njiani nikaona bango la kinyozi. Kivuli chini ya kidevu cha yule mteja aliyechorwa kilinisimamisha. Nikatazama kona. Furu mdogo!

Nikamsahau shemeji. Mchoraji ni mzee Ogweno, Mjaluo wa Mara, anaishi nyuma ya kinyozi yuleyule. Aliitikia shikamoo yangu huku akinikazia macho usoni, kama fundi anayepima ubao. Nikamhutubia juu ya ubora wa kazi yake mpaka feri ya mwisho ikapiga honi. Mara mbili alitaka kusema kitu. Nilikuwa na mengi.

Nikamwomba aje Jumamosi. Akasema, "Nitakuja, ndugu yangu. Hiyo siikosi." Unyenyekevu ulioje! Mihayo amekwisha.

Jumamosi, 11 Juni

Umeme ulikatika tangu asubuhi, ni mgao. Video haikuwaka. Banda likajaa hata hivyo. Odeta anasema walikuwa wanasubiri umeme. Mimi nasema ni kiu ya sanaa.

Tulitundika kurasa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo vya Odeta. Mbele ya ukurasa wa mlango na unyayo watu walinyamaza. Rozina, muuza samaki, alimvuta mwanawe nyuma. Mihayo akakumbusha kwamba kunyamaza si yowe.

Wakafika kwenye sura kubwa. Wakaitazama. Wakanitazama. Wakacheka! Rozina akalazimika kukaa chini. Nikafafanua kwamba kuna kicheko cha hofu. Mihayo akajibu kwamba basi hofu yao ina raha sana, akainama kubeba sanduku langu. Miaka ishirini!

Nikamwita mzee Ogweno awaambie maana ya sura ile. Akasimama taratibu. Akasema kila toleo lilipotoka, kijana mmoja alikuja dirishani kugombana juu ya meno. Yeye alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anatafuta sura ya mzimu wake. Akalisogeza pazia kidogo, akachora. "Shetani sijawahi kumwona," akasema, "lakini huyu alikuwa anajileta mwenyewe." Na meno aliyarefusha makusudi.

Nilikuwa nimesimama kando ya picha. Nilifungua mdomo ili nimsahihishe, kwa upole. Sikumbuki nilisema nini. Mihayo akainua uso kutoka sandukuni, akatuona wawili bega kwa bega. "Yesu na Maria!" Yowe lile lilisikika mpaka sokoni. Akaliachia sanduku, akakimbilia mlango wa nyuma. Banda halina mlango wa nyuma. Alipenya ukuta, mabanzi na yote.

Yowe! Mbele ya mashahidi!

Jumapili, 12 Juni

Mihayo kaja baada ya misa, shavuni plasta. Anadai aliniogopa mimi, si picha. Nikamuuliza alikuwa anatazama wapi. Banda ni langu.

Ana ombi moja. Kila Jumamosi nisimame palepale kando ya ile sura nikihutubia, na nikasirike kidogo. Watu wameulizia. Hatimaye ameuona uzito wa hoja zangu! Odeta amecheka mpaka chai ikamtoka puani. Ni furaha ya mke kwa mafanikio ya mumewe.

Kuhusu madai ya mzee Ogweno: wachoraji wakubwa hawajui wanachokichora. Nimejitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Meno yangu ni mafupi. Hoja imefungwa. Yule ni mkoloni.

Basi wewe, mzee Ogweno, nanyi wachoraji wote wa katuni za kutisha mliojificha kwenye mabango ya vinyozi kandokando ya ziwa hili: rudini kwenye wino! Tunawahitaji. Kesho nakuja Kamanga na feri ya kwanza, mzee, nitakuwa dirishani kwako. Anza toleo la nane. Na safari hii, punguza meno!