Hamira ya Maji

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Gesi imekwisha. Mke wangu kanuna. Nimemwambia atulie, mumewe ana kichwa: tutawasha maji. Kaniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Fundi Paa, jirani yetu, katusikia akiwa juu ya ngazi yake ya alumini. Kacheka mpaka ngazi ikatikisika. Acheke!

Alhamisi, tarehe 6
Ushindi! Dumu, mpira, maji, dawa kali ya watengeneza sabuni, na mfuniko wa sufuria nimeukatakata humo. Mapovu! Joto! Nikatia kiberiti mwisho wa mpira. Moto! Mke wangu kanywa chai, kasema tamu. Tena kaniita bwana wangu, jina nililolisikia mwisho nikiwa na meno yote. Mfuniko umeliwa wote. Si neno. Ile ni hamira tu.

Ijumaa, tarehe 7
Maji matupu yanagoma. Yameshazoea hamira. Nimeyapa mifuniko yote, kisha sufuria. Jumapili wanakuja dada zake mke wangu, wale wanaosema aliolewa na porojo. Kawaahidi chakula cha moto wangu. Siwezi kumwaibisha!

Jumapili, tarehe 9
Mashemeji wamejaa sebuleni. Moto unavuma. Mke wangu kauliza sufuria ziko wapi. Nikautazama moto. Naye akautazama. Shemeji mkubwa kauliza kama tutapikia viganjani.

Mke wa mwanangu, mwalimu wa kemia, kasema baba, unachochoma ni sufuria za alumini za mama. Eti kiwandani waliutia udongo umeme mwingi ndipo ikapatikana alumini, na nguvu hiyo ndiyo inayotoka sasa. Maji yenyewe ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, kama majivu. Nimemuuliza, kwa hiyo uzee wote huu nakunywa majivu? Kasema ndiyo, baba. Watoto wa siku hizi!

Tumekula mkate mkavu. Mashemeji wakaanza kucheka. Mke wangu, machozi yakimlenga, kawauliza ni mume wa nani kati yao aliyewahi kuunguza sufuria zote ili mkewe asiaibike. Nilitaka kumkumbatia, ila watu.

Jumatatu, tarehe 10
Mke wangu kanunua chungu cha udongo. Vijiko kavificha. Nimemwapia: sigusi tena chombo chake chochote. Mimi ni mtu wa kushika neno.

Mkwe ni mtoto mzuri, kemia tu imemchanganya. Maji yanawaka. Hamira ndiyo ilikuwa kidogo.

Fundi Paa kasafiri. Ngazi kaiegemeza ukutani kwetu.

Ndefu, jamani!