Sabuni Kumi na Mbili za Maonyesho

Siku sabuni ilipoondoka Wodi ya Upasuaji ilikuwa siku kubwa kwa usafi. Vipande vyote kumi na viwili vilichukuliwa Jumatatu asubuhi, vikapangwa ndani ya kabati la kioo kwenye korido, chini ya bango: MGONJWA, ULIZA! Mkurugenzi wa hospitali akalifunga kabati, akatia ufunguo mfukoni, akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo kila mgonjwa ana haki ya kumwuliza mhudumu wake, "Umenawa mikono?"

Haki bila utaratibu ni fujo. Mimi, karani wa Kitengo cha Uhamasishaji wa Kuuliza, ndimi niliyeandika mwongozo. Swali liandikwe kwenye fomu. Jibu litoke ndani ya saa sabini na mbili. Kifungu cha nne: aliyeulizwa asiguse mtu wala kitu mpaka anawe kwa sabuni. Mkurugenzi alikisifu sana kifungu hicho. Nadhani hakukisoma.

Wa kwanza kuuliza alikuwa kitanda namba sita, mama yangu mzazi, aliyepasuliwa tumbo. Miaka thelathini aliuza chakula, na hakuna aliyegusa sufuria yake kabla ya kunawa.

"Umenawa, binti yangu?" alimwuliza muuguzi aliyekuja kubadilisha bandeji.

"Kwa maji tu, mama. Sabuni iko kwenye maonyesho."

"Basi na kidonda changu kipeleke kikaonyeshwe."

Nikamletea fomu. Akajipepea nayo. Jumanne hakukubali kuguswa. Jumatano bandeji ilianza kunuka, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba uhamasishaji unakwenda vizuri. Usiku ule sikulala.

Alhamisi Mkurugenzi alikuja na wapiga picha, matangazo yakirushwa moja kwa moja. Akanyoosha mkono amguse Mama kwenye paji la uso.

"Umenawa, baba?"

"Swali zuri sana!" Mkurugenzi akaigeukia kamera. "Hivi ndivyo tunavyotaka!"

"Nimeuliza, sijaomba sifa. Umenawa?"

"Hata mimi nauliza," kikasema kitanda namba saba.

Nikafungua mwongozo. "Mheshimiwa, kifungu cha nne. Umeulizwa. Usiguse kitu."

Akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi. "Leteni sabuni!"

"Iko kabatini, Mheshimiwa."

"Si mfungue!"

"Ufunguo uko mfukoni mwako."

Mkono ukashuka kuelekea mfukoni. Kamera ikashuka nao. Mkono ukapanda tena.

"Karani, utoe wewe!"

Nikasogea. Sauti ya Mama ikanidaka njiani: "Na wewe, mwanangu, umenawa?"

Sikuwa nimenawa.

Mkurugenzi akatoka koridoni, akavunja kioo kwa kiwiko. Akaletewa beseni, akanawa mbele ya kitanda namba sita. "Katikati ya vidole," Mama alimwelekeza. "Na kucha. Una haraka ya nini?" Muuguzi akanawa baada yake, bandeji ikabadilishwa.

Kiwiko cha Mkurugenzi kilihitaji nyuzi tano. Kabla hajashonwa, alimwuliza muuguzi kama amenawa. Nikampelekea fomu.

Kidonda cha Mama kilipona. Aliishi miaka sita zaidi, kila nikifika kwake akinirudisha bombani kabla ya salamu. Alifariki mwaka jana, nyumbani, kwa uzee.

Kabati halikuwekwa kioo kingine. Kila Jumatatu, kabla sijaingia ofisini, naweka sabuni humo.