Mwenyekiti na Lugha Isiyouliza Vyeti

Kwa mamlaka niliyojipa chini ya Katiba ya Umoja wa Waswahili wa Fisksätra na Vitongoji Vyake, hapa Sweden, nilitangaza kwenye mkutano mkuu kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayeuongoza Umoja huu kwa lugha moja tu ya kompyuta. Wajumbe walipiga makofi. Wengi walikuwa hawajui hata hiyo moja, lakini makofi ni makofi.

Sababu zilikuwa nzito. Mwenyekiti mwenzangu wa mji wa Södertälje alikuwa ameanza kujitapa kwamba anajua Java. Java hiyo hata mimi nilishaisoma, nikafaulu kwa mbinde, na kuwa sawa naye kungekuwa aibu kwa Umoja mzima. Nikajiandikisha kozi ya lugha ya pili, Python, katika chuo kimoja kule Flemingsberg. Ili kuonyesha uwajibikaji, niliongeza kifungu kwenye tamko: programu yangu ndiyo itakayogawa pilau kwenye sherehe ya mwaka, na ikishindwa, kiti cha mwenyekiti kitakuwa wazi papo hapo. Kifungu hicho kilikuwa cha mapambo tu. Kiti kile nakipenda kuliko nyumba yangu, na sikuona wa kukigusa.

Katibu wetu, Dativa, naye alijiandikisha. Nilimteua awe mwenzangu wa maabara ili apate wa kumwongoza.

Niseme ukweli, Java ni lugha yenye adabu. Unaunda aina, yaani kiolezo cha vitu, aina inawarithisha watoto wake tabia zake, na kila kitu lazima kitangaze mapema ni cha aina gani kabla hakijaruhusiwa kupita mlangoni. Python nayo ina urithi, lakini mlangoni haiulizi neno. Mkufunzi wetu, binti wa Kiswidi aitwaye Rebecka, alitueleza bila haya kwamba humo kitu hakidaiwi hati: kikiweza kufanya kazi uliyokiitia, yatosha. Nilinyoosha mkono nikauliza ni nani basi anayeidhinisha. Akasema hakuna. Halafu akaniita Clement, hivi hivi, bila cheo, kama wafanyavyo huku hata kwa maprofesa wao. Niliumia.

Nikaamua kuirekebisha lugha hiyo. Niliunda aina kuu iitwayo Mwenyekiti, na vitu vyote vikairithi: mgeni, sahani, mwiko, hata kachumbari. Kila sahani ilipaswa kueleza kama mbebaji wake ni mgeni rasmi, mwanachama hai au mwanachama aliyelala, kisha kuomba idhini kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti naye, kwa kuwa sisi ni watu wa demokrasia, alipaswa kuidhinishwa na Kikao. Na Kikao hakiketi mpaka kiitishwe na Mwenyekiti aliyeidhinishwa. Rebecka aliisoma, akasema hii ni Java iliyovalishwa nguo za Python. Nilimshukuru kwa sifa hizo.

"Mheshimiwa," Dativa aliniambia kwenye treni ya kurudi, "watu watalala njaa."

"Watakula kwa utaratibu," nilimjibu.

Dativa alifungua kompyuta yake, akaandika kitu kifupi mno, nikamsikitikia.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa pomoni. Rebecka pia alikuja, kwa sababu kazi ya mwisho ya kozi ilitakiwa kutumiwa na watu halisi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee Herménégilde, mweka hazina wetu kutoka Burundi. Akabonyeza kitufe kwenye kompyuta yangu. Skrini ikaandika: Ombi lako linashughulikiwa. Sahani ilimwomba Mwenyekiti, Mwenyekiti akakiomba Kikao, Kikao kikamsubiri Mwenyekiti. Pilau ikaanza kupoa. Watoto wakaanza kulalamika kwa Kiswidi. Nikasimama kutoa hotuba kwamba ucheleweshaji ni dalili ya umakini.

Nikiwa katikati ya hotuba nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Dativa alikuwa ameweka mezani kompyuta yenye programu yake, na programu hiyo ilikuwa na swali moja tu: sahani ipo? Aliyekuwa nayo alipakuliwa. Foleni ikatembea. Rebecka akampongeza kwa kufaulu. Mimi akaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba kuna mtihani wa marudio mwezi wa nane.

Hapo mzee Herménégilde akameza tonge, akaomba kutoa hoja.

"Président," alisema, "ukumbi nani amefungua leo? Dativa. Wapishi nani aliwaita? Dativa. Watu wamekula kwa nani? Kwa Dativa. Kwa lugha yako hiyo ya pili, mwenye kufanya kazi ya mwenyekiti ndiye mwenyekiti, haulizwi cheti. Na ile kifungu ni weye mwenyewe uliandika."

Walipiga makofi. Safari hii walijua wanachokipigia.

Nilitafuta utetezi kwenye Katiba nikakumbuka kwamba niliitunga mimi, na niliitunga vizuri, bila mwanya wa kutokea. Basi nikaenda mwisho wa foleni. Nilipofika kwenye sufuria nilikuwa na maelezo marefu tayari, lakini Dativa hakuyasubiri.

"Kaka Clement, sahani unayo?"

Nilikuwa nayo. Akanipakulia, akaniongezea na nyama, wala hakuuliza mimi ni mwanachama wa aina gani. Nikageuka kukitafuta kiti changu. Watu walikuwa wamekirundikia makoti ya baridi mpaka hakionekani, nikala nimesimama.