Ndugu Yake Jasusi Alipotelea Pangi

Leo nimeaibika mbele ya watu wa lupango nzima, ua wa mukwe wangu, na yeye mwenyewe akiwa kiti cha mbele.

Wakati wa vita nilikuwa mutafsiri wa filamu kwenye nyumba ya video ya mutaa wetu hapa Kindu. Kanda zilikuwa za Kiingereza. Mimi Kiingereza sikujua (hata leo sijui). Jasusi akifungua kinywa, nasema yenye inanijia. Siku moja kanda ilikwama katikati, watu wakanitolea macho. Nikawaambia jasusi iko na ndugu yake alipotelea Pangi, hapa hapa jimboni kwetu, anamutafuta. Watu walilia. Mzee Assani alilia kupita wote, na vita vilipoisha akanipa binti yake Sifa. Alitaka mukwe mwenye kujua Kiingereza.

Sasa Sifa amemaliza majuma mawili kwa baba yake. (Kosa ni langu, tuliache.) Leo mchana nikaenda kumuomba arudi. Nikabeba kuku, kama desturi, pamoja na filamu mpya ya yule jasusi ili kumulainisha Mzee.

Mzee akaita majirani wote. "Leo ndugu anapatikana," akawaambia.

Kumbe hii iko kwa Kifaransa, na Mzee amefundisha Kifaransa maisha yake yote. Jasusi mwenyewe amezeeka. Hapigi muntu. Anachemsha chai, anaangalia mvua, anachemsha ingine. Majirani wakaanza kusinzia. Ndipo mwanamuke mumoja ndani ya filamu akamuuliza jasusi kama iko na ndugu. Akajibu hana, mama yake alizaa yeye peke yake.

Mzee akanigeukia. "Na ule wa Pangi?"

"Labda amemusahau, Baba."

"Muntu anasahau ndugu?"

Nikaungama yote. Kiingereza, Pangi, yote. Sifa alikuwa mlangoni, akaficha uso ndani ya kitenge. Nikajua bibi nimemukosa.

"Hii filamu ni mubaya," Mzee akasema. "Ya kwako ilikuwa muzuri. Zima sauti, tafsiri. Ukimupata ndugu, Sifa anarudi."

Nikasimama kando ya televisheni, muntu muzima na mvi zangu, nikatafsiri chai. Zikabaki dakika kumi, na ndani ya filamu wakabaki jasusi na paka.

Nikaonyesha paka. "Baba, walimuroga. Lakini njo yeye, ule ndugu wa Pangi."

Sifa amerudi. Mukitaka kucheka, muchekee mbali na Mzee: bado anapangusa machozi.