Mtungi wa Oili na Ruracio ya Kagwe

Jumapili, 8 Juni

Kikao kwa dada yangu Maggie, hapa Kimbo. Jumamosi tunapeleka ruracio, yaani mahari, ya mwanawe Kagwe kwa akina Ndila, mchumba wake, mbele ya Thika. Chai nzuri. Chapati nzuri zaidi. Kisha likaja swali: gari lipi litangulie? La mbele litambeba Kagwe na Mzee Zacharia, msemaji wetu. La mwisho litabeba mbuzi. Mwaka jana kule Murera mbuzi nilibeba mimi. Walikula mkanda wa kiti.

Safari hii sikubali! Baba yake Kagwe alifariki kijana akiwa darasa la pili. Mikutano yote ya wazazi nilihudhuria mimi. Nataka mimi ndiye nimfikishe. Maggie akasema ananipenda sana, lakini pikapu yangu inatoa moshi, na wakwe si samaki wa kukaushwa. Watu wakacheka. Hata Zacharia, ambaye huwa hacheki.

Anayetajwa kutangulia ni Githae wa Membley. Pikapu yake ni kama yangu, ya mwaka uleule. Nikamwomba afungue boneti. Ngai! Unaweza kula ugali juu ya injini ile. Pembeni kuna kopo dogo jeusi la kunasa oili. Githae akanieleza bila maringo: injini hizi mpya za dizeli hupumua, na pumzi yake ina ukungu wa oili. Ukungu ukirudi kwenye njia ya hewa hukutana na masizi ya eksozi, vikashikana kama lami. Kopo linanasa oili, pumzi inapita. Akajitolea kunifungia moja. Nikakataa kwa heshima. Ningeombaje msaada kwa mtu ninayetaka kumshinda?

Jumanne, 10 Juni

Thika. Kopo la Githae ni la nusu lita. Langu litakuwa la lita tatu! Nimenunua mtungi mdogo wa maziwa, wa alumini, wenye kifuniko cha kubana. Mtungi huo husafirisha maziwa kwa pikipiki bila kumwaga tone. Oili itaushinda nini? Leo nimejipenda.

Fundi Mutie aliuchomea mirija miwili, wa kuingizia na wa kutokea. Ndani akajaza waya wa kusugulia sufuria ili oili ishikwe, kisha akaufunga kando ya injini. Akasisitiza mrija wa kutokea usizibwe hata kidogo. Nikamwambia nimesikia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefikiri sana. Kama hatutaki oili irudi, kwa nini tuiachie mlango? Mutie anachomea vizuri lakini hatazami mbali. Nikachomoa paipu ya kurudisha hewa na kufunika tundu lake kwa mpira. Mrija wa kutokea nikaupiga gunzi la mahindi, kama nyanya yangu alivyoziba vibuyu vya uji. Hakuna kibuyu chake kilichowahi kuvuja.

Jioni Maggie akaja kukagua. Nikawasha, nikazima kabla injini haijapata moto. Hakuna moshi! Nimepewa gari la mbele! Githae akanipigia simu kunipongeza. Akasema mbuzi hawana neno, atawatandikia nyasi. Na alimaanisha, muungwana yule. Nilikaribia kumwonea huruma.

Jumamosi, 14 Juni

Tuliondoka vizuri. Kagwe nyuma, suti mpya. Zacharia kando yangu. Msafara mzima kwenye kioo changu. Raha!

Baada ya Thika, mlima wa kwanza, Zacharia akauliza ni nani anachoma matairi. Nikasema ni ukungu. Akasema ukungu wa bluu hajawahi kuuona. Mlima wa pili, kijiti cha kupimia oili kikaruka na kugonga boneti. Ngo! Sikusimama. Ningesimama, Githae angetangulia.

Wanawake wa kwao Ndila walikuwa wamefunga lango, nyimbo tayari, kutuzuia mpaka watakapotosheka. Kwa kawaida hapo unaweza kusimama hadi viatu vikubane. Waliimba ubeti mmoja. Moshi ukawafikia. Wimbo ukageuka kikohozi na lango likafunguliwa lote. Zacharia akasema hajawahi kuona wageni wakipokelewa upesi hivyo. Mimi aibu ilinishika hadi masikioni.

Githae akafungua boneti, wanaume wote wakiwa bado wanajifuta macho. Akaliona gunzi. Akanitazama. Nikatazama mbuzi. Akalichomoa polepole, akalitia mfukoni, kisha akawaambia wenzetu kwamba paipu imelegea, barabara ni mbaya. Akairudisha paipu mahali pake, akaongeza oili kutoka galoni yake mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu akimsitiri mwenzake namna ile. Ningekuwa mimi, ningelizungusha gunzi lile kwa wageni wote kwenye sinia.

Mambo mengine yalikwenda sawa. Ndila alimtambua Kagwe wake mbele ya wote, vigelegele vikapigwa. Kurudi, niliambiwa gari langu liwe la mwisho kabisa. Kiti cha gari la mbele kilikuwa kinamsubiri Kagwe. Akakipita. Akapanda langu, na suti yake mpya, na harufu yote ile. Akasema hata ningekuwa nabeba mbuzi angepanda na mimi. Akaniuliza kama nalia. Nikasema ni moshi.

Jumatatu, 16 Juni

Githae alikuja asubuhi. Amefunga paipu mpya na vibano, amemwaga uji wa kahawia uliokuwa mtungini, ameniambia niwe naumwaga mara kwa mara. Injini inaimba. Moshi hakuna kabisa. Akasema mtungi wangu una nafasi kuliko kopo lake, niubakize. Mtu wa ajabu! Nimemsifu kwa Maggie, kwa Zacharia na kwa mchungaji.

Harusi yenyewe ni Agosti. Kama Kagwe ananipenda hivi nikiwa wa mwisho, nikiwa mbele itakuwaje?

Nimechungulia radieta ya Githae. Maji yake ni safi ajabu. Yangu yana kutu. Akajitolea kunisafishia Jumamosi. Nikakataa kwa heshima. Nimeshanunua sabuni ya unga, pakiti kubwa, ile yenye povu jingi.