Choo cha Baba Kinachotazama Ziwa

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka kanisani na jivu kwenye paji la uso. Sijalifuta. Linanikaa vizuri.

Habari kubwa: nimepata jengo! Maonyesho ya wasanifu majengo chipukizi, Dar es Salaam, yanataka kazi tatu kutoka kwa kila mshiriki. Kitu cha kutumia, kazi ya kusimikwa mahali pa wazi, na jengo. Kitu ninacho: kigoda changu cha miguu miwili. Miguu mingine ni ya mkaaji mwenyewe. Mwinjilisti alikikalia akaenda chali. Hakuelewa. Kazi ya kusimikwa ninayo pia: nyavu kuukuu nilizotundika uani kwa ofisi ya kata, nikaziita Pumzi ya Ziwa. Zilinasa mbuzi wawili, mtendaji akaamuru ziondolewe. Picha zimebaki.

Jengo sikuwa nalo. Tangu nimalize chuo hakuna mtu ufukweni hapa aliyenipa hata banda la kuku. Wote wanakimbilia kwa Methodi, mtoto wa baba mdogo, fundi ambaye kuta zake zote zimeinama kama zinatafuta sarafu.

Sasa Mungu kanikumbuka. Baba amerudi kutoka hospitali Litembo. Daktari amesema magoti yake yamekwisha, asichuchumae tena maisha yake yote. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Dada Gertruda amepiga simu kutoka Tingi, alikoolewa, kusema Baba ajengewe choo cha kukaa, tena haraka. Methodi akadandia. Eti atachukua kiti cha mbao, akitoboe, ajenge ukuta, Jumamosi mzee anakaa. Nimemfukuza. Kiti kimetobolewa! Wakati nyumba hii ina msanifu!

Kwa sasa asubuhi ninamshika Baba kwapani kwenye choo cha zamani. Anafumba macho mpaka tumalize. Halafu ananiambia asante sana, kama vile namuuzia kitu dukani. Mzee Augustino, aliyepiga kengele ya kanisa tangu sijazaliwa. Roho iliniuma. Lakini siku chache tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mchoro umekamilika. Ukuta wa mawe ya ziwani, unajizungusha kama konokono, kwa hiyo mlango hauhitajiki. Hakuna paa juu ya njia, anga tupu. Na mbele ya kiti, usawa wa uso wa mtu aliyekaa, dirisha. Ziwa lote! Milima ya Malawi ng'ambo! Mzee wa watu ataona Nyasa yake hapo alipokaa.

Imebidi nimwajiri Methodi, hakuna fundi mwingine. Ameuangalia mchoro, akaugeuza, akauangalia tena. Akauliza mlango uko wapi. Nikamweleza. Akauliza mvua je. Nikamweleza. Akasema angesoma kama mimi angekuwa waziri. Nikamwambia ashike mwiko.

Jioni nikasikia kilabuni wanacheka. Methodi alikuwa anawasimulia jinsi Baba anavyoshikwa chooni, na sauti zake zote. Mdomo wa Methodi nao hauna mlango. Nimemkaripia. Lakini habari zilishamfikia Baba, maana nilipomuuliza kama Methodi aje kumsaidia siku nitakapokuwa safarini, alijibu hapana kabla sijamaliza.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda Mbinga mjini tangu Jumanne kutafuta bati la kupitisha mwanga, la kuezekea juu ya kiti. Mtu wa duka akaniuzia la kijani. Barabarani mvua, tope, gari limekwama, tumelala njiani. Bati limepinda. Linapendeza zaidi likiwa limepinda.

Nyumbani mke wangu Siwema ananiambia Baba hajala tangu nimeondoka. Ugali wa muhogo kwa usipa, dagaa wa ziwa letu, chakula anachokipenda kuliko vyote, amesukuma sahani. Chai hataki. Maji anagusisha midomo tu.

Kidogo niogope. Halafu nikacheka. Kwaresima! Mzee wa kanisa huyo, amefunga! Siku hizi vijana wanafunga soda, wazee wanafunga kweli. Nimejisikia fahari. Nilipomuuliza aliitikia kwa kichwa.

Na tena imekuja wakati wake. Mtu aliyefunga choo anakihitaji kidogo. Nimemwambia Methodi apunguze mbio, mawe ayapange upya upande wa kusini. Yalikuwa hayasemi kitu.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya majaribio. Siku mbaya.

Kiti tayari, dirisha tayari. Baba katoka kanisani, bado na koti lake la Jumapili. Akaingia konokono taratibu na fimbo yake, mwenyewe, hashikwi na mtu. Nilimwona akitabasamu. Mara ya kwanza tangu Litembo. Nikasimama nje na simu tayari kwa picha.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Dirisha linaloona ziwa, ziwa nalo linaliona.

Kwanza mtumbwi. Shikamoo Mzee Augustino! Marahaba. Habari za magoti? Nzuri. Za Litembo? Nzuri. Wakapita. Kisha akina mama waliokuja kuchota maji. Shikamoo baba! Marahaba, marahaba. Hawawezi kupita bila kumwamkia mzee, mzee hawezi kuacha kuitika, ndivyo tulivyolelewa. Mwisho, kwaya nzima ya vijana, inakata njia ya ufukweni kwenda nyumbani. Wakamwona. Wakajipanga. Wakaamkia mmojammoja, mabinti wakipiga goti mchangani. Baba uso wote dirishani, koti la Jumapili kifuani, anaitika mpaka sauti imekauka.

Methodi alikuwa anagaragara chini kwa kicheko. Nikamrushia kiatu. Kikaangukia ndani.

Baba akatoka. Hakufanya chochote. Akasema mandhari ni nzuri sana, mwanangu umesoma. Akaomba apelekwe kulala. Jioni amekataa hata uji.

Jumatano, 19 Machi

Siwema anasema tuzibe lile dirisha. Tuzibe! Ni sawa na kumwambia mtu azibe jicho. Nimepata njia bora. Ukuta wa nje ukipakwa weusi, jicho la mtu wa mtumbwini litapotea gizani, halitamwona aliyekaa. Nimepanda lori hadi mgodini Ngaka kuomba vumbi la makaa ya mawe. Walinipa gunia, wakiniangalia kwa huruma. Nimerudi mweusi mimi mwenyewe, Siwema akapiga kelele akidhani mwizi.

Methodi kapaka. Mvua ikanyesha. Weusi wote umeteremka kwenye nguo alizoanika Siwema. Hazitakati. Hanisemeshi.

Baba amekonda. Koti linamzunguka. Nilipomsaidia kuvaa leo niliona mifupa ya mabega, nikageuza uso. Nimemwambia hata Kanisa linawaruhusu wagonjwa wasifunge. Amenipapasa mkono. Amesema kila mtu na nadhiri yake.

Ijumaa, 21 Machi

Gertruda kaja kutoka Tingi kwa bodaboda, bila taarifa. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Amekaa na Baba chumbani muda mrefu. Alipotoka amenivuta nyuma ya jiko, akaniuliza kama mimi ni mpumbavu au najifanya.

Baba hakufunga. Hakufunga hata siku moja. Anaogopa chakula. Nikiondoka, na mimi kila siku naondoka, nyumbani anabaki na Siwema peke yake. Mkwe! Mkwe atamshikaje baba mkwe wake kwapani, nguo zimeshuka? Siwema aliwahi kuweka ndoo chumbani kwake. Baba aliitoa nje mwenyewe, akijikokota ukutani, ndoo ikiwa tupu, maana angeitumia nani angeimwaga? Mkwe huyohuyo. Methodi akiitwa, kesho kilabu kizima kinajua. Choo kipya angeingia mwenyewe, lakini pale dirishani ufukwe mzima unamwamkia. Kwa hiyo mzee akaona dawa ni moja. Asile, asinywe, asiende.

Nimelia. Naandika na machozi yanadondoka, wino umeharibika hapo juu. Baba yangu ana njaa. Anakaa na njaa ndani ya nyumba yenye ugali kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo nimemjengea mimi kwa mawe ya ziwani. Nampenda yule mzee kuliko kitu chochote hapa duniani.

Nimemwapia Gertruda kwa jina la mama yetu marehemu. Kesho asubuhi Methodi anaziba dirisha na kuweka mlango wa mbao. Kesho! Gertruda amerudi Tingi, watoto wake wako peke yao. Amesema Jumapili ijayo anakuja kukagua.

Jumamosi, 22 Machi

Methodi alikuwa ameshachanganya zege. Simu ikaita. Dar es Salaam!

Wameona michoro. Wameipenda. Zaidi ya yote wamelipenda dirisha. Mpiga picha wao anapita Ruvuma wiki hii, Alhamisi atakuwa kwangu. Wakaniomba nisibadilishe chochote.

Alhamisi. Si mbali.

Nilikwenda kwa Baba. Nilimweleza yote, sikumficha hata moja. Nikamwambia nikichaguliwa jina lake litaandikwa Dar es Salaam: Choo cha Mzee Augustino. Hadi Alhamisi nitamshika mwenyewe kila asubuhi, sitaondoka, ale tu. Alinitazama. Akasema hakuna shida, mwanangu. Akasema yeye amefunga.

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Amefunga. Basi huenda Gertruda alimsikia vibaya. Wanawake huongeza chumvi.

Nimemwambia Methodi zege lake akalitupe, dirisha libaki.

Jumanne, 25 Machi

Sikuondoka, isipokuwa jana, kutafuta mianzi ya kushikilia lile bati lililopinda, na leo kidogo, kufuata chokaa ya kufunika ule weusi. Baba alikunywa uji vijiko viwili mbele yangu. Nilifurahi. Siwema anasema nilipogeuka aliurudisha kikombeni.

Alhamisi, 27 Machi

Mpiga picha alifika asubuhi. Mwanga wa ajabu! Na kungu walipanda kutoka ziwani kama moshi, wadudu wale wadogo, wakasimama nyuma ya jengo kana kwamba nimewalipa. Alipiga magoti mchangani, akalala chali, akapanda mti. Alisema neno kipaji. Alilisema mara kadhaa.

Alitaka picha ya mwenye choo akiwa amekaa, uso dirishani. Nikaenda kumwita Baba. Nikamvalisha koti. Alisimama, akapiga hatua hadi mlangoni, akakaa chini polepole, kama mtoto aliyechoka. Hakuinuka tena. Macho wazi, midomo imepasuka kwa ukavu. Siwema akapiga yowe.

Methodi ndiye aliyembeba hadi kwenye gari la jirani. Yeye na Siwema wameondoka naye. Hapo mwiko wa mkwe haukukumbukwa na mtu, Siwema alimpakata kichwa mapajani. Nikasema nawafuata sasa hivi. Mpiga picha alikuwa amebakiza picha chache tu, na mwanga ule haurudi.

Picha ya dirishani nimekaa mimi.

Jumapili, 30 Machi

Baba amefariki jana.

Nilimkuta bado yupo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Daktari alisema figo zimekauka, maji yameingia yamechelewa. Aliuliza kwa nini mgonjwa hakuwa akinywa. Gertruda aliniangalia tu. Afadhali angenipiga.

Nilipiga magoti kitandani nikamwomba Baba msamaha. Sijui kama alisikia. Alisema marahaba. Nadhani alidhani kuna mtu anamwamkia.

Sina baba.

Jumatatu, 31 Machi

Tumemzika karibu na mama. Kengele alipiga Methodi, vibaya, akilia.

Waombolezaji walikuwa wengi, choo cha zamani hakikutosha. Shangazi Emiliana aliingia kipya, akatoka hapohapo, akafungua khanga yake ya juu akaitundika dirishani. Na nyingine mlangoni. Basi. Wakapanga foleni, wazee kwa wanawake, wakaingia wakatoka kwa amani siku nzima. Mzee mmoja mwenye magoti mabovu amesema hajawahi kukaa choo kizuri hivyo, akanishika mkono, akasema marehemu alikuwa na bahati ya mtoto.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka nikatapika. Khanga mbili.

Jumanne, 1 Aprili

Mkutano wa ukoo. Methodi amesema saruji iliyobaki inatosha kujengea kaburi, leo na kesho kazi imekwisha, msalaba wa kawaida, kabla mvua haijashusha udongo. Gertruda amekubali. Shangazi amekubali. Wote wakaniangalia.

Dar es Salaam wamenitumia ujumbe asubuhi. Pole nyingi. Choo kimeingia. Nyavu hazikuingia, mbuzi wanaonekana kwenye picha. Wananipa hadi mwisho wa mwezi nilete kazi nyingine ya kusimikwa mahali pa wazi.

Nimeketi pale kaburini asubuhi nzima. Udongo mbichi, ziwa chini, upepo. Nimechora. Mawe yanapanda kwa mzunguko, juu tundu moja, jua likipita saa ya kengele linaangukia kifuani pake. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama hiki. Kwa mapenzi niliyonayo kwa mzee wangu, atastahili msalaba wa kawaida?

Khanga za shangazi nimezitoa dirishani, nikazikunja vizuri, nikamrudishia.

Mvua imeanza kudondoka. Methodi ameuliza achanganye au asichanganye. Nimemwambia asubiri kidogo. Baba hana haraka.